Maswali ya Wasomaji: Nani Ameshika Daftari la Kikundi?

Barua nyingi zilizofika katika safu hii hivi karibuni zinahusu jambo moja, nalo ni ustawi wa watu walio wachache kijinsia: wale wanaopenda watu wa jinsia yao, wale ambao jinsia wanayoijua nafsini mwao si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, na wale waliozaliwa na maumbile yasiyoangukia wazi upande wa kike wala wa kiume. Nimechagua sita. Majina ya walioandika yamefichwa kwa ombi lao. Kuhusu maneno, niseme mapema kwamba neno shoga, ambalo wanawake wengi bado huitana kwa mapenzi likimaanisha rafiki wa karibu, hugeuka tusi linapoelekezwa kwa mwanamume. Wapo wanaolikumbatia kwa makusudi na wapo linaowachoma. Utaratibu wangu ni mwepesi: mtu huitwa kama anavyojiita.

SWALI: Mimi ni mratibu wa kikundi kilichoanza miaka sita iliyopita, tulipokuwa watu saba tukikutana chumbani kwa mmoja wetu ili kusikilizana tu. Tulipoandikishwa na kupata mfadhili, tulipata pia ofisi, kompyuta na ratiba ya semina, nyingi zikihusu kinga dhidi ya Virusi vya Ukimwi. Leo orodha yetu ina majina zaidi ya mia moja, lakini nikiitisha kikao kisicho na nauli wanakuja wanne. Wanawake karibu wote wamejitoa. Mfadhili anaridhika na taarifa zetu, mimi siridhiki. Tumekosea wapi? (Mratibu aliyechoka kuhesabu vichwa)

JIBU: Ndugu Mratibu, nusu ya jibu umekwisha kuiandika mwenyewe uliposema kwamba mfadhili anaridhika nawe huridhiki, kwa kuwa maana yake ni kwamba kikundi kina vipimo viwili vya mafanikio na kile chenye fedha ndicho kilichoshinda.

Hebu tulitazame neno tunalolitumia kila siku. Uwezeshaji limetokana na kitenzi wezesha, na kitenzi hicho, kwa umbo lake, kinataka pande mbili: anayewezesha na anayewezeshwa. Tukiliacha neno lituongoze, tunajikuta na mwezeshaji mbele ya ubao na wanaowezeshwa kwenye viti, wakisubiri posho. Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1986, ambao umekuwa msingi wa kazi nyingi za kukuza afya duniani, ulilitazama jambo hili kwa jicho jingine: afya hukua pale watu wanapopata mamlaka zaidi juu ya mambo yanayoiamua, na pale jamii yenyewe inapojipangia vipaumbele, ikakata shauri na kutekeleza. Hapo mtendaji wa kitenzi ni jamii, si mgeni aliyekuja na kalamu za ubao.

Watu wa jamii yenu walilijua hilo kabla ya wataalamu kuliandika. Mwaka 1983, katika mkutano uliofanyika Denver, Marekani, watu waliokuwa wakiishi na Ukimwi, wengi wao wanaume wanaopenda wanaume, walitoa tamko lao wenyewe. Walikataa kuitwa wahanga, wakasema hata neno wagonjwa huwafaa kwa nyakati fulani tu, kisha wakadai kushirikishwa katika kila jukwaa la kuzungumzia ugonjwa huo na kuketi katika bodi za mashirika yaliyokuwa yakiwahudumia. Wakati ule hapakuwa na dawa yoyote ya kuvizuia virusi hivyo, na wengi wa waliotoa tamko hawakuishi kuziona dawa zilipokuja. Hata hivyo walichokidai ni nafasi ya kusema, na dai hilo ndilo lililozaa, katika mkutano wa Paris wa mwaka 1994, ahadi ya serikali 42 kwamba wanaoishi na virusi watashirikishwa kwa upana zaidi katika maamuzi yanayowahusu.

Sasa turudi kwenu. Kinga ni kazi ya lazima na sishauri muiache. Shida ni kwamba fedha ziliingia kwa mlango wa ugonjwa mmoja, na mlango huo ndio uliochagua nani akae mbele. Wanawake wanaopenda wanawake huhesabiwa kuwa na hatari ndogo ya kupata virusi, kwa hiyo katika kikundi kinachopangwa kwa kufuata hatari hawana kiti, hata kama mmoja wao analazimishwa kuolewa na mwingine amefukuzwa kazi wiki iliyopita. Hawakujitoa kwa kukosa shukrani. Walifika wakakuta mazungumzo hayawahusu, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Ningekuwa wewe ningeanza kwa kuwafuata walioacha, si kwa fomu ya maswali bali kwa miguu, na kuwauliza jambo moja tu: ulikuja ukitafuta nini hukukipata? Kisha ningekirudisha kile kikao cha chumbani, kisicho na mada, nauli wala orodha ya mahudhurio, hata kama kwa miezi ya mwanzo wanaketi wanne wale wale, kwa maana wanne waliokuja bila nauli ndio kikundi chako hasa na wale mia moja ni taarifa. Ningesoma mapato na matumizi kwa sauti mbele ya wanachama, pamoja na mshahara wangu. Na ningezungumza na mfadhili ili sehemu fulani ya bajeti, hata iwe ndogo, iamuliwe na kikao. Wafadhili wengine hukubali kuliko tunavyodhani. Sisi ndio huogopa kuomba.

Umegusia nauli, na nauli ni dalili ya ukata. Mtu aliyefukuzwa nyumbani hana mdhamini, na asiye na mdhamini hakopesheki. Vipo vikundi vilivyojibu tatizo hili kwa utaratibu wa kuweka na kukopa ulioanzia kwa wanawake wa vijijini nchini Niger mwaka 1991 wakisaidiwa na shirika la CARE: wanachama hununua hisa kila wanapokutana, hukopeshana kutokana na fedha hizo, na baada ya takriban mwaka mmoja hugawana akiba na faida. Fedha hukaa kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, na hesabu zote hufanywa hadharani. Kinachonivutia hapo ni zile kufuli kuliko hizo fedha. Mtu ambaye maisha yake yote wengine wamemwamulia, siku anapokabidhiwa ufunguo mmoja kati ya mitatu hupata kitu ambacho semina haikitoi. Ila msiigeuze hisa kuwa kipimo cha uanachama, kwa sababu wapo wasio na kipato kabisa na aibu ya kushindwa kulipa kila wiki itawaondoa kimya kimya, kama walivyoondoka wale wanawake.

SWALI: Mnatuambia hali hizi si ugonjwa. Mbona basi taarifa zenyewe zinasema watu hawa wana sonona, ulevi na mawazo ya kujiua kuliko wengine? Si ushahidi kwamba kuna kitu hakiko sawa ndani yao? (Msomaji asiyekubali haraka)

JIBU: Swali lako ni la haki na halistahili kufokewa. Madaktari wenyewe waliamini hivyo kwa miaka mingi, na waliamini kwa sababu waliokuwa wakiwaona ni wale tu waliofika hospitalini wakiwa wameelemewa. Utafiti ulipowafikia watu wasiotafuta matibabu, hoja ilianza kupwaya. Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya maradhi mwezi Desemba 1973. Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo tarehe 17 Mei 1990, ndiyo maana siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kupinga chuki dhidi ya watu hawa. Kwa wale ambao jinsia yao si ile waliyoandikiwa, mabadiliko yalichelewa zaidi: ni katika orodha mpya ya Shirika hilo, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, ndipo hali yao ilipoondolewa katika sura ya maradhi ya akili na kuwekwa katika sura ya afya ya kijinsia, ili huduma zisikosekane ila lawama ikosekane.

Basi sonona inatoka wapi? Mtafiti Ilan Meyer, katika makala aliyoichapisha mwaka 2003, alieleza msongo unaowapata walio wachache kwa kuutenga na shida za kila binadamu. Kila mtu hufiwa, hukosa kazi, huachwa na mpenzi. Mtu huyu hupata hayo yote, kisha huongezewa mengine. Yapo yanayotoka nje, kama kupigwa, kufukuzwa na kutukanwa. Yapo yanayohamia ndani: kukaa ukitarajia kukataliwa hata pale ambapo hakuna aliyekukataa bado, kujificha, na hatimaye kuyaamini yale yanayosemwa juu yako. Nakuomba ukifikirie kile cha pili, kujificha, kwa sababu ndicho wengi hudhani ni suluhisho. Anayejificha huchuja kila sentensi kabla haijatoka mdomoni. Akiulizwa wikendi alikuwa wapi na nani, hubuni jibu, kisha hulazimika kulikumbuka. Kazi hiyo haina likizo, na hakuna atakayempa pole kwa uchovu wake kwa kuwa hakuna anayejua kwamba anafanya kazi.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni huu. Nchini Marekani watu walewale walihojiwa kuhusu afya ya akili mara mbili, kwanza mwaka 2001 na 2002, kisha mwaka 2004 na 2005. Katikati ya vipindi hivyo baadhi ya majimbo yalipiga kura kubadili katiba zao ili kupiga marufuku ndoa za jinsia moja. Mark Hatzenbuehler na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 2010, walikuta kwamba maradhi kama sonona yaliongezeka kwa zaidi ya theluthi moja miongoni mwa watu wa jamii hii walioishi katika majimbo yaliyopiga kura hizo, huku wale wa majimbo mengine wakiwa hawana ongezeko la namna hiyo. Maumbile yao hayakubadilika katika miaka hiyo mitatu. Kilichobadilika ni kile walichokisikia kila siku redioni, mezani na kazini. Ukikubali hilo, ndugu yangu, hata kama katika mengine tutaendelea kutofautiana, utaona kwamba tiba ya sehemu kubwa ya maumivu haya iko kwa wanaowazunguka wenye maumivu.

SWALI: Mwanangu wa miaka kumi na tisa, niliyemzaa na kumlea kama binti, ameniambia kwamba yeye ni mwanamume na anaomba tumwite jina jingine. Baba yake hataki kusikia, na jamaa wanashauri tumpeleke kwa watu wanaodai wanaweza kumbadilisha. Mimi nampenda, ila ulimi unakataa jina jipya. Nianzie wapi? (Mama wa mmoja)

JIBU: Mama, umeanza tayari. Kijana wa umri huo aliyekuja kwako kabla ya kwenda kwa mwingine amekupa dhamana, nawe hukuitupa.

Kuhusu ulimi, Kiswahili kimekupunguzia mzigo ambao akina mama wa lugha nyingine wanauhangaikia. Yeye ni yeye, awe wa kike au wa kiume; ameamka, amekula na amelala hazitofautishi. Mwanangu linabaki mwanangu. Mdogo wake akitaka kumtaja shuleni anaweza kusema ndugu yangu. Mitego yetu iko katika majina, katika kaka na dada, na katika shangazi na mjomba pale wapwa watakapozaliwa. Kwa hiyo kazi halisi ni jina moja na maneno machache ya undugu. Lifanyie mazoezi ukiwa peke yako, jikoni au njiani, kama tunavyofanya na jina la mkwe mpya. Ukikosea mbele yake, jirekebishe kwa neno moja na uendelee na mazungumzo. Kuomba radhi kwa kirefu humfanya yeye ndiye akubembeleze wewe.

Usidhani kwamba jina ni jambo dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu vijana 129 wa Marekani wenye hali kama ya mwanao ulionyesha kwamba kadiri kijana alivyoweza kulitumia jina alilolichagua katika sehemu nyingi zaidi, yaani nyumbani, shuleni, kazini na kwa marafiki, ndivyo dalili za sonona na mawazo ya kujiua zilivyopungua. Kabla ya huo, mwaka 2009, Caitlin Ryan na wenzake walichapisha matokeo ya vijana 224 wanaopenda watu wa jinsia yao: waliokuwa wamekataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara nane wa kusema kwamba wamewahi kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wenzao ambao familia hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo. Na kukataliwa katika utafiti huo hakukuwa kufukuzwa tu. Kulihesabiwa pia kumzuia kijana asikutane na marafiki zake na kumwambia kwamba anaiaibisha familia, mambo ambayo wazazi wengi hufanya wakiamini wanamlinda.

Kuhusu wanaodai kubadilisha watu, nakusihi usimpeleke. Mwaka 2003 daktari wa akili Robert Spitzer, ambaye miaka thelathini kabla alikuwa mstari wa mbele kuyaondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya maradhi, alichapisha utafiti uliosema kwamba baadhi ya watu walifanikiwa kubadilika. Mwaka 2012 akakiri kuwa utafiti huo haukuweza kuthibitisha dai hilo, akawaomba radhi waliopoteza muda na nguvu zao kwa ajili yake. Mwaka uliofuata shirika kubwa la kidini lililokuwa likitangaza mabadiliko hayo, Exodus International, lilifungwa na kiongozi wake akaomba radhi. Mwaka 2020 mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa aliyepewa dhamana ya masuala haya alitaka vitendo hivyo vikomeshwe duniani kote. Wenye biashara hiyo hawakuambii hayo. Sala kwa ajili ya mwanao ni yako, hakuna wa kukuzuia. Ninachokuonya ni kumkabidhi kwa mtu anayeuanza mkutano kwa kumwambia kwamba amevunjika.

Baba mpe muda, lakini usimpe ruhusa ya kutukana. Na wewe pia tafuta wenzako. Mwaka 1972 mwalimu mmoja wa New York, Jeanne Manford, aliandamana barabarani bega kwa bega na mwanawe, akiwa amebeba bango la kuwataka wazazi waungane kuwaunga mkono watoto wao. Mwaka uliofuata akaitisha mkutano wa wazazi, wakaja watu wapatao ishirini, na kutokana na hao shirika la wazazi likaenea nchi nzima. Wewe huhitaji bango. Unahitaji mama mmoja aliyekwisha kulipitia hili, wa kumwambia mambo usiyotaka mwanao ayasikie, ikiwa ni pamoja na huzuni ya kuliacha jina ulilolichagua mwenyewe ukiwa na mimba. Huzuni hiyo ni halali. Ila usimpe yeye aibebe.

SWALI: Je, mtu aliyezaliwa na jinsia tata ni sawa na mtu anayependa jinsia yake? Kwa nini huwekwa kundi moja? (Mwanafunzi wa uuguzi)

JIBU: Si sawa. Jinsia tata, au huntha kama wazee walivyozoea kusema, ni jambo la mwili: kromosomu, tezi au viungo vya uzazi havikufuata mkondo mmoja. Mtu huyo anaweza kupenda jinsia yoyote kama mtu mwingine yeyote, na wengi wao wanaishi kama wanawake au wanaume bila shaka yoyote nafsini mwao. Wanawekwa pamoja kwa sababu wanapigwa na fimbo moja, ile ya kutaka kila mwili utoshee katika visanduku viwili, na wapo kati yao wasiopenda mkusanyiko huo. Nao wana haki ya kusikilizwa. Dai lao la kwanza ni tofauti na la wengine: watoto wachanga wasifanyiwe upasuaji usio wa lazima kiafya kabla hawajaweza kuamua wenyewe. Malta ilipitisha sheria ya kuuzuia mwaka 2015. Wewe utakayekuwa chumba cha uzazi, linakuhusu kuliko wasomaji wengine wote wa ukurasa huu.

SWALI: Katika kikundi chetu mimi ndiye ninayepigiwa simu. Usiku wa manane, siku za sikukuu, hata nikiwa mgonjwa. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja aliniambia kwamba hana haja tena ya kuishi, nikashindwa nimjibu nini, nikambadilishia mazungumzo. Yuko hai, lakini mimi silali. Sina mafunzo yoyote. (Sikio la wote)

JIBU: Sikio la wote, pole. Ulibadilisha mazungumzo kwa hofu, na hofu yako inafanana na ya watu wengi: kwamba ukilitaja jambo hilo utalichochea. Tafiti zilizofanywa kuhusu suala hili hazikuona kwamba kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua humwingizia wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu ya kuwa hatimaye yupo aliyethubutu kulisikia. Kwa hiyo mpigie leo, umwambie kwamba siku ile hukujua la kusema, kisha muulize kwa maneno yasiyopindwa: unafikiria kujiua? Akikubali, muulize kama amepanga namna na wakati. Aliye na mpango na nyenzo hapaswi kuachwa peke yake. Nyenzo ziondolewe karibu naye, na afikishwe kwa mhudumu wa afya akisindikizwa na mtu anayemwamini. Usikubali kuapishwa kwamba utaitunza siri hiyo. Siri ya nani anampenda nani itunze mpaka kaburini, lakini hii ya pili haitunzwi na mtu mmoja.

Hapo ndipo penye kosa, na kosa si lako. Kikundi kilichomwachia mtu mmoja simu kimejenga nyumba juu ya nguzo moja, tena nguzo yenyewe ina maumivu yale yale ya wanaoiegemea: wewe pia umewahi kukataliwa, nawe pia unajificha mahali fulani, na kila simu ya usiku hugusa kidonda chako kabla hujagusa cha mwenzako. Dai zamu. Watu watatu wanaobadilishana wiki, kila mmoja akiwa na saa zinazojulikana, ni bora kuliko shujaa mmoja atakayezima simu siku moja na asiiwashe tena. Tafuteni mapema, kabla ya dharura, mhudumu wa afya au mshauri nasaha mmoja mliyempima kwa maswali na kuridhika kwamba hatahubiri wala hatatangaza, na namba yake iwe kwa wote wa zamu. Kila baada ya zamu, msikilizaji naye asikilizwe na mwenzake, kwa muda usiopungua ule alioutumia kusikiliza. Kikundi kikisema hakuna watu wa kushika zamu, waulize ni nani aliyeshika simu mwaka mzima, na kama huyo si mtu.

Unasema huna mafunzo. Yatafute, yapo na hayachukui miaka. Lakini usiku ule ulipokea simu, na kwa mtu aliyekuwa upande wa pili hilo lilikuwa jambo kubwa la siku yake.

SWALI: Mfadhili mpya anataka tumpelekee majina kamili, namba za simu, sahihi na picha za kila anayehudhuria, eti ndiyo ushahidi wa kazi. Wanachama wanaogopa, nami kama mweka hazina naogopa kukosa fedha. (Mshika kalamu)

JIBU: Wanachama wako wanaogopa kwa sababu wanajua wanakoishi. Zipo nchi nyingi, zaidi ya hamsini, ambako mapenzi ya jinsia moja bado ni kosa la jinai, na hata ambako si kosa, karatasi ikimfikia mwenye nyumba au mwajiri inatosha kumwangamiza mtu bila mahakama yoyote. Misingi ya Yogyakarta, iliyoandikwa na wataalamu wa sheria waliokutana nchini Indonesia mwezi Novemba 2006, inaitaja haki ya faragha kuwa ni pamoja na mtu kuamua mwenyewe lini, kwa nani na kwa namna gani ataifichua hali yake. Sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, ikienda mahali ambapo mwenye sahihi hakupajua, ni kufichuliwa bila ridhaa.

Mwandikie mfadhili kwa adabu na umweleze kwamba ushahidi wa kazi unapatikana kwa njia nyingine: idadi ya waliohudhuria iliyothibitishwa na watu wawili, namba za siri badala ya majina, stakabadhi za matumizi, picha za mikono au za viti badala ya nyuso, na ziara ya mkaguzi mmoja ambaye wanachama wamekubali kumwona. Wafadhili waliozoea kazi hii wanazijua njia hizo na hawatashangaa. Akikataa zote, mtakuwa mmeijua bei ya fedha zake kabla ya kuzipokea, na kuamua kama mnaiweza si kazi ya mweka hazina.

Kwa hiyo usimjibu peke yako. Lakini kabla hata ya barua hiyo, kuna daftari ambalo bila shaka unalo tayari, lenye majina ya tangu kikundi kianze, wakiwamo waliohama, waliooa, walioolewa na waliofariki dunia. Lipeleke kwenye kikao kijacho, uliweke mezani, kila mmoja aone lilipoandikwa jina lake na aseme kama libaki au lifutwe. Majina ya wasiokuwepo, yafuteni.